Wivu Wangu na Tanuri la Mke Wangu

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Mwenyekiti wa mtaa. Viongozi wa dini mlioketi safu moja bila kugombea viti. Mama mkwe wangu, ambaye kwa cheo cha nyumbani ningepaswa kumtaja kabla ya Diwani. Ndugu wageni waalikwa, majirani zetu, nanyi ambao hamkualikwa lakini mmefuata harufu: nawasalimu nyote, na karibuni katika ufunguzi wa bekari hii.

Nimesimama hapa kwa sababu mwenye shughuli amekataa kusimama. Nilipomwambia kwamba hafla ya ufunguzi bila neno la mwenyewe haijakamilika, alinijibu, "Mtu wa maneno ni wewe. Mimi nina moto wa kuangalia." Yuko pale nyuma ya kaunta, amefunga kitambaa kichwani, na mnaona wenyewe anatazama wapi. Hatazami huku.

Mimi ni mwandishi wa habari. Kazi yangu imenizoesha kulitaja jambo kwanza, maelezo yafuate. Basi nalitaja: nina wivu. Simwonei wivu mwanamume mwenzangu, ingawa mwanamume yumo kidogo katika habari hii na nitamfikia. Nalionea wivu lile tanuri la matofali mnaloliona ukutani.

Najua pia kwamba wengi wenu hamkuja kwa ajili ya mkate peke yake. Mmesikia kwamba makao makuu ya gazeti yameniita nikawe mhariri mkuu, kule mbali, na kwamba mke wangu amesema haendi. Mmelizungumza sokoni, mmelizungumza kwa kinyozi, na kinyozi akaniuliza mimi mwenyewe wembe ukiwa shingoni. Je, mume anaondoka au anabaki? Ni swali la haki. Nitalijibu kabla sijaketi, na mke wangu atalisikia jibu pamoja nanyi, maana hata yeye hajalisikia.

Ndugu wageni waalikwa, tangu tulipooana, gazeti liliponituma ndipo tulipoishi. Tumekaa mji wa reli, mji wa mgodi, mji wa mpakani. Katika kila mji mke wangu alianzisha kitu. Kwenye reli alishona, na majirani walipoanza kumzoea, nikahamishwa. Mgodini alifundisha watoto wadogo, na wazazi walipoanza kumwita Mwalimu, nikahamishwa. Mpakani alianza kupanda mboga. Mchicha tuliwaachia wapangaji waliofuata. Sanduku la safari lilikaa chini ya kitanda, halikupata hata nafasi ya kushika vumbi. Na kote huko, huyu mama aliitwa kwa jina moja tu: mke wa mwandishi.

Tulipofika hapa, asubuhi moja alinunua mkate kwa ndugu yetu mwenye duka la kona. Yupo pale mlangoni, ameanza kucheka kabla sijafika panapochekesha. Mkate ule ulikuwa umekauka nje na mbichi katikati. Mke wangu akaurudisha. Ndugu yangu, ulimjibu nini?

Mmemsikia? Anasema, "Nilimwambia akaoke wa kwake!"

Ndiyo hivyo. Sikufanya utafiti zaidi ya huo kuhusu chanzo cha bekari hii. Imetokana na jeuri ya muuza duka.

Mkate wake wa kwanza, binti yetu aliushika kwa mikono miwili akasema, "Mama, usiutupe huu, ule mlango wa choo haukai wazi." Wa pili ulipanda vizuri, ukabadili mawazo, ukashuka. Uliofuata ulikuwa na chumvi ya familia tatu. Nami niliila yote kimya, kwa sababu mimi si mgeni katika ndoa.

Nikangoja achoke. Nilidhani huu ni mchicha mwingine. Lakini kila siku alioka mkate ule ule mmoja: unga, maji, chumvi, chachu, basi. Nikamuuliza, "Mbona hubadilishi? Tia hata zabibu."

"Zabibu za nini?"

"Upate ladha."

"Huu mtupu haujakaa sawa," akasema. "Nikiuvalisha, nitajuaje kosa liko wapi?"

Mheshimiwa Diwani, mimi nimeandika habari za moto, za mafuriko, za kesi za mauaji na za mawaziri kuangushwa. Kila siku habari mpya. Sijawahi hata mara moja kushika sentensi moja, kuirudia kesho na keshokutwa, mpaka ikae sawa. Ndani ya nyumba yangu, mtu aliyekuwa akifunga masanduku yangu alikuwa akifanya kitu ambacho mimi sijawahi kukifanya. Nilikiona, na kiliniuma.

Wivu ulianzia kwenye sikio. Nieleze. Mkate ukitoka tanurini, mke wangu huugeuza, akaugonga chini kwa kidole kama anayebisha hodi, kisha akausogeza sikioni. Ukitoa mlio wa kitu chenye uwazi ndani, umeiva. Ukitoa mlio mzito, husema, "Bado," akaurudisha. Na anaposikiliza hufumba macho. Ndugu zangu, katika maisha yetu nimemweleza huyu mama mambo mazito, mengine ya siri za serikali. Hajawahi kunisikiliza macho yakiwa yamefumbwa, ila pale alipokuwa amelala.

Mheshimiwa, wewe ni shahidi. Ulipokuja nyumbani kwetu mara ya kwanza, ukabisha mlango, ulisikia nini kutoka ndani? "Bado! Dakika chache tena!" Nawe, kwa heshima zako, ukasimama juani. Ukabisha tena, akasema, "Bado, mzito." Nilipotoka nikakukuta unalipapasa shati lako tumboni, nikashindwa pa kuanzia kukueleza. Leo naeleza mbele ya mashahidi: hakuwa akikusema wewe. Alikuwa na mkate sikioni, na kwa masikio yale hodi zote ni za mkate.

Sasa nimfikie huyo mwanamume. Fundi, usijifiche nyuma ya shangazi yako.

Tulipoanza kujenga hapa, mke wangu alikuwa akirudi nyumbani na neno moja: Fundi. Fundi kasema matofali haya hayafai. Fundi kasema mlango uwe chini zaidi. Mezani, Fundi. Kanisani nimeinamisha kichwa kusali, naambiwa sikioni, "Fundi anafikiri moshi utarudi." Mwanamume ana kikomo. Nikafanya nilichosomea: nikaja kuchunguza. Nikapita nyuma ya ukuta, nikasikia mke wangu anacheka, kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu mji wa reli. Nikaingia.

Nilikuta miguu minne. Vichwa viwili vilikuwa ndani ya tanuri, vinatazama moshi unavyopanda, na miguu minne imebaki nje, imelala kifudifudi katika majivu. Nikakohoa kwa sauti ya mwenye nyumba. Sauti ya mke wangu ikatoka ndani ikiwa na mwangwi: "Kama ni wewe wa bomba la moshi, zunguka nyuma!"

Nikazunguka nyuma. Ningefanya nini? Na nikalishika bomba.

Jioni ile mama mkwe alikuwa kwetu. Akamwona binti yake anaingia, masizi mpaka kwenye nyusi, anatembea kama mtu anayejua anakokwenda. Mama, naomba ruhusa ninukuu. Ulinigeukia ukasema, "Huyu ndiye mtoto niliyemzaa. Miaka yote hii ulikuwa umempeleka wapi?" Kosa hilo nalikubali. Lakini kumbuka, mama, mikate ile mibaya niliila mimi.

Halafu simu ikapigwa. Kiti cha mhariri mkuu. Kwa taarifa ya wasiokuwa katika kazi yetu, hicho ndicho kiti ambacho kila ripota anayelala kwenye nyumba za wageni zenye kunguni hukifikiria ili apate usingizi. Nilikuja moja kwa moja hapa. Alikuwa anakata donge na kuviringisha, anakata na kuviringisha. Nikamwambia.

"Hongera, baba," akasema. Mikono haikusimama. "Lini?"

"Mwezi ujao. Tuanze kufunga mizigo."

"Uanze," akasema. "Mashati yako yapo kwenye kamba."

"Na wewe?"

"Mimi nimeweka chachu."

Nikamwambia, kwa busara niliyodhani ninayo, kwamba mkate unaweza kuokwa popote.

"Na habari zinaweza kuandikwa popote," akasema.

Hapo nikauliza swali ambalo mwandishi wa habari hapaswi kuliuliza, kwa sababu hufungi mtu kwenye majibu mawili uliyoyachagua wewe. Nikauliza, "Tanuri au mimi?"

Akaacha kuviringisha. Akanitazama. Sasa alinitazama kweli. Akasema, "Usishindane na tanuri, baba. Lenyewe halijaniuliza hivyo."

Ndugu wageni waalikwa, mngenishauri nini? Kinyozi alinishauri niende, mke atanifuata njaa ikimshika. Njaa, mwenye bekari! Mwenyekiti wa mtaa alinishauri niwe mkali. Nilijaribu kuwa mkali jikoni siku moja, nikapewa beleshi la mbao nishike, nikajikuta nimesaidia kupakia mikate. Nikaomba basi niwe mfanyakazi hapa, ili tupatane. Nikapewa donge nikande. Akanisimamisha kabla sijalimaliza. "Mikono yako ina haraka," akasema, "unga unakuogopa." Kazi nimeikosa. Aliyeipata ni huyu dada anayewagawia maji, ambaye juzi alikuwa hajui kuwasha kiberiti, na sasa anasifiwa nyumbani kwangu asubuhi na jioni. Naye yumo katika orodha ya wivu wangu, ajue.

Kilichonigeuza ni dereva wa lori. Simjui jina. Alisimamisha lori hapo nje mke wangu alipokuwa akijaribu tanuri, akanunua mkate, akaula amesimama, bila chai, bila kitu. Siku ya pili akarudi, akauliza, "Ule wa jana upo?"

Sikilizeni swali hilo. Ule wa jana. Kazi yangu huisha siku moja, na mkate huisha siku moja. Tuko sawa hapo. Lakini nimeandika mpaka nimeota mvi, na sijasikia mtu amekwenda kwenye kibanda cha magazeti akauliza, "Lile la jana lipo? Nataka kama lile lile." La jana watu hufungia vitu, na yeye mwenyewe, mke wangu wa ndoa, hulitumia kufutia trei.

Ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nimekosea mshtakiwa. Nilidhani nalionea wivu tanuri kwa kunichukulia mke. Tanuri halina kosa. Namwonea wivu yeye. Amejua mikono yake ni ya nini. Anaamka akilijua hilo, anakula akilijua, na akikosea anajua amekosea wapi. Mimi ninaamka nikiuliza kumetokea nini. Kiti cha mhariri mkuu kisingeniponya ugonjwa huo. Kingenipa tu meza kubwa ya kuugulia.

Basi jibu ni hili. Leo asubuhi, kabla sijafunga tai, niliwapigia makao makuu nikawaambia wamtafute mwingine. Siondoki. Wengine mtasema ni mapenzi. Andikeni mnavyotaka, lakini mimi nawapa sababu niliyonayo: siwezi kukaa mbali na kitu ninachokionea wivu. Nataka nikione kila siku, kiniume, mpaka nami nikipate cha kwangu. Nitabaki ripota wa mji huu. Nitachukua habari moja na kuirudia mpaka ikae sawa, bila zabibu. Na nimeshaichagua. Nitaanza na mtaro wa soko, ule ambao umechimbwa mara nyingi na maji hayajawahi kupita. Mheshimiwa Diwani, naona umeacha kutabasamu. Tutaonana ofisini kwako Jumatatu.

Nawashukuru nyote mliofika. Namshukuru Fundi, nikiwa nimemsamehe nusu. Namshukuru ndugu yetu wa duka la kona kwa jeuri yake. Namshukuru mama mkwe kwa kumzaa huyu mara ya kwanza.

Na sasa tazameni wenyewe, msije mkasema nimetunga. Nimeacha hapa, mbele yenu, kile nilichokitafuta maisha yangu yote ya kazi. Nimetangaza kwa kipaza sauti. Na mke wangu amenipa mgongo. Amefungua mlango wa tanuri, beleshi liko ndani, anatoa mikate, kwa sababu imeiva sasa hivi na haiwezi kungoja mume amalize kusema.

Mmemsikia? Anasema, "Nimesikia, baba!" Hakugeuka.

Inauma. Nawahakikishia inauma vilevile kama siku ya kwanza.

Asanteni sana ninyi mlionisikiliza huku mkinitazama.