Historia ya Dada Yetu Jenereta, Dobi Aliyejifunza Kupumzika

Ndugu, jamaa, majirani na nyinyi mliosimama mpaka huko nyuma barabarani, sogeeni, anayeweza kukaa akae, maana haya ni maisha ya dada yetu mkubwa, mliyemzoea kwa jina la Jenereta, na familia imemtuma mdogo wake anayemfuata ayasome, kwa sauti ambayo mnaijua wenyewe, haijawahi kuhitaji spika.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Machi 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya maghala ya reli, mtoto wa kwanza kati ya watoto saba, na marehemu mama yetu alisimulia mpaka anaingia kaburini kwamba mtoto yule alitoka amekunja ngumi, akalia kwa nguvu hata treni ya alfajiri ikachelewa kuondoka, dereva akidhani kuna treni nyingine inampigia honi. Mama hakuwa mtu wa kutia chumvi, hiyo kazi aliniachia mimi, kwa hiyo tulichukue kama lilivyo.

Alianza darasa la kwanza Januari 1975, katika shule iliyotazamana na maghala hayo, akamaliza la saba Novemba 1981, na kichwa alikuwa nacho, angeweza kufika mbali, lakini mwaka huohuo baba yetu, mpakiaji mizigo, aliangukiwa na magunia akabaki mtu wa kulala chali, na dada akiwa na miaka kumi na mitatu akajifunga kibwebwe, akazunguka nyumba za watu kufua, ili sisi sita tule, tuvae, tusome. Waliosoma wakasoma, mimi masomo yalinikataa, lakini njaa sikuijua.

Tarehe 2 Mei 1986 aliajiriwa katika chumba cha dobi cha hoteli kubwa, chumba cha chini kabisa, hakina dirisha, mvuke umetanda kiasi kwamba mwenzako unamjua kwa kikohozi, na humo ndani alifanya kazi miaka thelathini na zaidi, akipiga pasi mashuka mia tatu kwa siku, wengine husema mia mbili, wengine hawakuwepo. Shati lililopita mkononi mwake lilisimama lenyewe. Wageni walikuwa wakishuka na mizigo yao wanauliza kwanza kama yule mama yupo kazini, ndipo wanaulizia chumba. Akitoka huko jioni alifika nyumbani akafua za kwetu, akapika, akaenda kuwaosha wagonjwa wa ukoo, akarudi akapiga pasi sare za watoto wa jirani, hazimi, hachoki, na ndipo wenzake kazini wakampa hilo jina la Jenereta, sisi tukalipokea kwa fahari, hakuna aliyejiuliza jenereta hiyo inajazwa mafuta na nani.

Tarehe 20 Agosti 1990 alifunga ndoa na shemeji yetu huyu, fundi redio, ambaye aliitwa kutengeneza redio ya chumba cha dobi iliyokatika waya mmoja tu, akaitengeneza wiki nzima, mpaka msimamizi akamwambia, "Fundi, hiyo redio inazungumza tangu juzi, wewe sema shida yako." Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1991, leo ni mshonaji, na kijana aliyezaliwa mwaka 1995, leo ni dereva wa lori, wote mnawaona hapa mbele.

Mwezi Juni 2007 marehemu aliteleza ngazini amebeba kapu la mashuka mabichi, akaumia mgongo, akapewa vidonge vikali vya maumivu vya kutumia muda mfupi, akapata nafuu, akarudi kazini kabla mgongo haujarudi, na mgongo ukidai anaongeza kidonge, uchovu ukidai anaongeza, hata siku za huzuni anaongeza, ikawa maduka ya dawa ya mji mzima anayajua kwa milango ya mbele na ya nyuma. Nalisema hili hadharani kwa sababu mwenyewe aliagiza, mtaona mbele.

Siku moja ya Februari 2013 alisinzia amesimama, pasi ikiwa juu ya koti la mgeni, koti likawaka, wenzake wakamwaga maji, akatolewa nje akakaa kwenye ukingo wa barabara na miguu yenye masizi, na shemeji alipofika mbio akidhani ni mgongo, dada alimwambia maneno ambayo shemeji hajayasahau mpaka leo, "Mume wangu, si mgongo tena. Mgongo ulipona zamani. Ni mimi."

Alilazwa katika nyumba ya matibabu ya uraibu kuanzia Machi mpaka Agosti mwaka huo, akatetemeka, akatapika, akatutukana wote kwa majina yetu ya utotoni, na mshauri wake pale, mama mmoja mfupi mpole, ambaye yupo nasi leo, alimwambia kwamba kuacha ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kujitunza, maana akiwa na njaa kidonge kitamwita, akiwa amechoka kitamwita, akiwa na kinyongo alichokimeza kitamwita kwa jina lake kamili. Dada alimjibu, "Mama, mimi kupumzika sijui. Nikikaa bure nasikia kama naiba." Akafundishwa upya kama mtoto mdogo, kula kabla ya kumlisha mtu, kulala saa za kulala, kuloweka miguu kwenye maji ya moto, kusema "siwezi" bila kuongeza maelezo.

Siku aliyotoka, ukoo wetu, ambao kwa upendo hapa chini ya jua hauna mpinzani, ulimpokea kwa namna yake, kila mtu akafika na furushi la nguo chafu. Ndiyo, chekeni tu, ruhusa. Ilikuwa heshima, watu walitaka aone kwamba bado anaaminiwa, na baba mdogo alisema wazi kuwa mtu mwenye kazi mikononi hana nafasi ya kuwaza vidonge, mafurushi yakapanda ukutani mpaka swichi ya taa ikapotea. Dada akayatazama, akashukuru kila mtu kwa jina, akaingia chumbani, akafunga mlango, akalala.

Hapo maneno yakaanza. Wakasema ameota mapembe, wakasema huko alikokwenda amebadilishwa, shangazi mmoja akadai wametuletea mtu mwingine mwenye sura yake. Kila Jumapili baada ya chakula mlango ulifungwa, na ukibisha unasikia kutoka ndani, "Sipo, nipo na mimi." Kazini alianza kupiga pasi ameketi kwenye kiti kirefu, jambo ambalo halijawahi kuonekana katika historia ya madobi, na saa sita mchana alifunua mkate na yai lake, akala taratibu, hata kama meneja mwenyewe amesimama mlangoni anasubiri suti.

Mwaka 2015 baba mdogo alimwoza kijana wake, akaleta vitambaa vya meza vya ukumbi mzima na mashati ya wasimamizi wote, akavishusha uani kwa dada, akasema mbele za watu kuwa vikikataliwa, basi yeye hana mtoto wa kaka anayeitwa Jenereta. Kila aliyekuwepo alijua kuwa dada hajawahi kumkatalia baba mdogo kitu usoni tangu baba yetu alipoanguka. Dada akapiga magoti akamwamkia kama inavyopasa, kisha akasema, "Baba mdogo, nikivifua hivi vyote wiki hii, Jumatatu nenda kanitafute duka la dawa. Nakupenda, ndiyo maana nakuambia. Chagua wewe, vitambaa au mimi." Mzee akainama, akabeba furushi lake mwenyewe, akaenda kufua kwa mikono yake, pamoja na soksi moja nyekundu ambayo hakuiona, na harusi ile ilifanyika kwenye meza za rangi ya waridi, watu wakasifia mapambo. Tangu siku hiyo Jumapili mchana baba mdogo ndiye alikuwa akifukuza wabisha hodi.

Ndugu zangu, sasa nafika mahali pagumu. Mwezi Septemba mwaka jana marehemu aligundulika kuwa na saratani ya mifupa, na maumivu yake, mimi niliyeyasikia kutoka chumba cha pili, siwezi kuyakuza zaidi ya yalivyokuwa. Daktari akamwandikia vidonge, vya jamii ileile. Dada akakataa. Alikaa siku kadhaa anauma shuka, anasema afadhali afe na maumivu kuliko afe na aibu, mpaka yule mshauri wake alipokuja, akaketi kitandani, akamwambia, "Mwanangu, kuvikimbia vidonge siku zile ulikuwa unajitunza. Kuvikataa hivi leo unajitesa. Hayo ni mambo mawili, na wewe unayajua." Dada akalia, halafu akapanga mpango wake mwenyewe, vidonge vikae kwa shemeji, vimefungiwa kwenye sanduku la vifaa vya redio, shemeji ampe kwa saa alizoandika daktari, na yeye asiguse kopo.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka mwisho. Hakuomba cha ziada hata mara moja, na mara mbili shemeji alipotaka kumwongezea kwa huruma, yeye ndiye aliyefumba mdomo asimeze. Huko nje wapo waliosema amerudia, na habari zikamfikia kitandani, kwa hiyo aliniita, akanishika mkono, akasema, "Wewe ndiye utasoma. Wewe unapenda kuongeza. Hapa usiongeze, usipunguze. Sema nilimeza, na sema nilimeza vipi." Nimesema, dada. Alifariki nyumbani kwake, tarehe 9 mwezi huu, saa nane mchana, ameshiba uji, kichwa kikiwa kwenye paja la mumewe, akili yake timamu.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi waliomhudumia bila kumnyooshea kidole, mama mshauri, majirani waliotuletea maji, viti na mabega yao, na wafanyakazi wenzake wa chumba cha dobi, ambao sanda hii mnayoiona wameipiga pasi wenyewe kwa zamu. Na tangazo moja la familia, shemeji yetu hajalala tangu wiki iliyopita, kwa hiyo akitoka makaburini anakula kwanza, anaingia chumbani, mlango unafungwa, atakayekuja kumpa pole atanikuta mimi mlangoni, na mimi peke yangu natosha kupokea pole za watu elfu.

Dada mkubwa, uliyotutuma tumeyafanya. Pumzika sasa kwa amani.