Buti za Joachim Katika Ziwa Tshangalele

Wasikilizaji wapendwa wa Likasi, mlioko Panda, Shituru na Kakontwe, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Joachim Tshimanga wa Panda. Joachim, yule mtu asiyeweza kukaa. Hata kanisani mguu wake mzima ulipigapiga sakafu, mpaka mkewe, Cathy, amwekee mkono juu ya goti.

Nasema mguu mzima kwa sababu wa kushoto ulipondwa na jiwe machimboni. Vidole vyake havikukunjika tena. Kazi ikamwacha, lakini upepo ukampata. Mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia tiara kubwa ya kitambaa na ubao wa kuteleza juu ya maji. Tiara inakuvuta, ubao unakubeba. Juu ya ubao palikuwa na mikanda miwili ya kupitishia nyayo.

Mikanda inataka vidole vya kushika. Kila upepo ulipozidi, ubao ulikwenda peke yake, Joachim akabaki majini akiulaani. Ndipo akaamua: atang'oa mikanda, ataweka buti. Buti ndefu za kazi, zilizokazwa kwenye ubao.

«Mukanda, ukianguka, unakuachilia,» Cathy alimwambia. «Buti itakukamata. Weye unataka minye nibakie mujane juu ya muchezo?»

«Mama Bénie,» alijibu, kwa jina la binti yao, «mu mukanda minye niko kilema. Mu buti niko muntu.»

Neno hilo lilimzunguka Cathy kichwani. Akifua, analisikia. Akisonga bukari, analisikia. Alikuwa amezificha buti nyuma ya mfuko wa makaa. Mwisho alizitoa mwenyewe, akamwacha azikaze kwenye ubao, akaweka godoro uani, na ubao juu yake.

«Vaa. Minye nitasali Baba Yetu. Mbele ya Amina, miguu ikuwe inje. Kama haiko inje, haufike ku ziwa.»

Joachim alilala chali, akavuta, akajipinda kama samaki. Kamba zilikaza, akachoka, akaacha kuvuta. Cathy alifika kwenye mkate wetu wa kila siku, akakatiza sala.

«Umekwisha kunywa maji, Papa. Umekufia ku mukate!»

Majirani walicheka mpaka wakashika ukuta. Firmin, fundi viatu wa mtaa, hakucheka. Alichukua buti bila kuombwa, akatoa kamba, akashona ukanda wa mpira wa ndani wa tairi, wenye kitanzi. Vuta kitanzi, buti inafunguka. Jioni ile Joachim alitoka ndani ya buti Cathy akiwa bado kwenye majaribu, kabla ya Amina.

Tangu hapo hakwenda ziwani bila Baba Yetu ya uani. Naye Cathy alimfuata, akasimama kwenye mafunjo, shingo ameinyoosha, hana raha. Joachim akianguka, midomo ya Cathy inaanza kutembea na Baba Yetu. Na kila mara kile kichwa kiliibuka kabla ya Amina, kikicheka.

Ziwa halikumchukua, wasikilizaji wapendwa. Narudia: ziwa halikumchukua. Ni homa, wiki iliyopita, kitandani, akiuliza bado kama upepo umeamka.

Matangani, ndugu walimvalisha viatu vyake vya harusi, wakakaza kamba vizuri. Cathy akainama, akazilegeza za kiatu kimoja.

«Shemeji, unafanya nini?» aliuliza Elie, kaka mkubwa wa marehemu, ambaye wote humwita Yaya.

«Acha, Yaya. Hapendake kufungwa.»

Elie akasogea miguuni. Alipiga magoti, akalegeza kiatu cha pili.

Mchungaji alipoanzisha Baba Yetu, wote walimaliza. Cathy alibaki nyuma, kwenye majaribu, akitazama vile viatu. Watu wakamngojea. Kisha akasema Amina, peke yake.

Kwa Cathy, kwa Bénie, kwa Elie na ukoo wote wa Tshimanga: tunawashika mkono, tunalia pamoja nanyi. Firmin, tumekuona. Na wewe unayesikiliza, pengine nyumbani mwako yuko mmoja asiyeweza kukaa. Usimfiche buti zake. Mtandikie godoro uani, anza kusali, uone kama anajua kuzivua.