Ukitaka Kumfukuza Kocha, Leta Jiwe

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo? Hamjambo Same mjini, hamjambo Maore, hamjambo Kihurio, na ninyi wa huko juu milimani ambako sauti yetu inafika ikiwa imechoka? Mimi ni Devotha Mshana. Sogezeni redio karibu. Na kama una uji jikoni, uepue kwanza, maana leo utaungua na utanilaumu mimi.

Leo tunamkumbuka Mama Honorata Mrutu wa Chome. Wengi mnamjua kwa jina la Mama Irine. Mama Irine, shabiki wa Taifa Stars. Mama Irine, aliyejenga ukuta wa ndiva, lambo letu la maji, kwa ubishi wa mpira. Umesikia vizuri. Kwa ubishi wa mpira! Nimepanda Chome mwenyewe, nimeuona ukuta huo, nimeugusa kwa mkono wangu, na mpaka sasa hivi nikiusimulia mwili unanisisimka.

Mama Irine alizaliwa Chome, akaolewa Chome, na Jumamosi iliyopita tumemzika Chome. Alilima tangawizi na maharage kama wenzake wote. Mpira ulimkuta ukubwani. Mume wake, marehemu Hezroni, aliugua akawa mtu wa kitandani, na raha yake pekee ilikuwa redio. Stars wakicheza, Hezroni anasinzia katikati ya mchezo. Akizinduka anauliza, "Mama Irine, ngapi ngapi?" Sasa ole wake mama asijue! Ikabidi asikilize. Akajua majina ya wachezaji, akajua nani beki nani winga. Hezroni alipofariki, redio ikabaki inaongea peke yake mle ndani. Mama akaona hapana, akabeba kigoda chake, akateremka hadi kwa Lukasi.

Lukasi ndiye mwenye banda la kuonyesha mpira pale Chome. Mabati, benchi za mbao, televisheni moja na king'amuzi. Irine, binti wa Mama Irine, amenisimulia siku hiyo ya kwanza. Vijana walipomwona mama mlangoni na kitenge chake cha kanisani, wakacheka. Mmoja akasema, "Shikamoo bibi. Umepotea, kanisa liko kule."

"Marahaba," mama akajibu. "Kanisani nimetoka asubuhi. Sogea nikae."

Akakaa. Na tangu siku hiyo, wasikilizaji wapendwa, kigoda kile hakikukosa mechi ya Stars hata moja.

Sasa ninyi mnatujua sisi Wapare na kesi. Mpare umpe kesi nzuri, umemlisha. Pale bandani kesi ilikuwa moja tu, kocha wa timu ya taifa. Abaki au atimuliwe? Stars wakitoka sare na Waganda, kosa la kocha. Wakifungwa na Wamorocco, kosa la kocha. Mvua ikikatisha picha kwenye televisheni, jamani, kosa la kocha! Na kiongozi wa upande wa kutimua alikuwa jirani yake Mama Irine, mzee Sadock, ambaye sisi tunamwita Baba Rogathe. Sadock ana sauti ya kuita ng'ombe walioko ng'ambo ya bonde.

Upande wa kumtetea kocha alikuwepo mtu mmoja tu, Mama Irine. Neno lake lilikuwa hilo hilo kila siku. "Mtu hafukuzwi kwa mechi moja." Sadock atapiga benchi, atataja mabeki waliopitwa, atataja mabao yaliyokoswa. Mama atamsikiliza mpaka mwisho, kisha atasema taratibu, "Baba Rogathe, nimekusikia. Lakini mtu hafukuzwi kwa mechi moja." Ilikuwa inamkera Sadock mpaka anatoka nje kupunga upepo.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa msimu wa vuli. Stars walikuwa wanacheza alasiri, na zamu ya kuangalia ndiva siku hiyo ilikuwa ya Sadock. Kwa mnaotusikiliza kutoka mbali, ndiva ni lambo letu la kale huku Upareni. Maji ya mlimani tunayakusanya humo, asubuhi tunayafungulia kwenye mfereji, kila nyumba kwa zamu yake. Mvua kubwa ikija, mwenye zamu lazima akimbie akafungue mlango wa maji, la sivyo lambo linajaa linapasua ukuta. Kila mtoto wa Chome analijua hilo.

Mvua ikaja. Mvua ya mlima Shengena, siyo hizi za kwenu huko tambarare. Stars wameshafungwa, banda linawaka moto wa maneno, mabati juu yanapiga kelele. Sadock ananyanyuka aende ndiva, Mama Irine anamwita. "Baba Rogathe, unakimbia? Jibu hoja yangu kwanza." Sadock gani huyo wa kuambiwa anakimbia? Anakaa, anajibu. Ananyanyuka tena, anaitwa tena. Walipokuja kushtuka ni kwa mngurumo, kisha maji ya matope yanapita mbele ya banda yamebeba mizizi ya tangawizi ya watu.

Ukuta wa ndiva ulikuwa umekwenda. Wote, upande mzima wa chini.

Mkutano ukaitwa pale pale kwenye ndiva, siku mvua ilipokata. Mwenyekiti wa maji, mzee Tumainieli, mtu mpole lakini akishasema amesema, akatangaza kwamba Baba Rogathe anatolewa kwenye zamu ya maji. Wasikilizaji wapendwa, nataka mwelewe uzito wa maneno hayo. Kutolewa kwenye zamu ya maji ni kuambiwa kiangazi kikija shamba lako life huku unaliangalia. Sadock ana shamba moja tu. Halina chemchemi, halina kitu. Sauti yote ile ya kuita ng'ombe ilimwisha. Alivua kofia akaishika kwa mikono miwili, anatazama chini.

Akasimama Mama Irine. "Mwenyekiti, naomba kusema."

"Sema, mama."

"Mtu hafukuzwi kwa mechi moja."

Watu wakacheka! Walidhani ni utani wa bandani. Mama hakucheka. Alingoja wamalize, kisha akaendelea. "Baba Rogathe alinyanyuka kuja kufungua maji. Mimi ndiye niliyemzuia kwa maneno yangu. Mkimtoa yeye, nitoeni na mimi. Mtoeni na Lukasi na televisheni yake. Na ninyi nyote mliokuwa mnapiga kelele mle ndani, nani alikumbuka mvua? Anyooshe mkono."

Mikono yote ikaingia mifukoni. Nani angethubutu?

Tumainieli alijikuna ndevu, akafikiri. Akasema, sawa, ukuta ukiwa umesimama kabla ya kiangazi, Baba Rogathe anabaki. Usiposimama, anatoka. Tena Mama Irine atatoka naye, kwa kuwa amejitaja mwenyewe kwa mdomo wake. Irine anasema alitamani kumvuta mama yake kitenge akae chini, lakini alikuwa amechelewa.

Pembe ya msaragambo ikapulizwa. Msaragambo ni kazi yetu ya pamoja, kila nyumba inatoa mtu. Safari hii walikuja wachache wa kuhuzunisha. Wengine walikuwa na hasira na Sadock. Wengine walisema aliyebomoa ajenge. Mama Irine na Sadock walibeba mawe kutoka mtoni wawili tu, mzee na mama mzee, na ukuta haukupanda hata kimo cha goti.

Hapo ndipo mama yule akafanya jambo ambalo mimi, Devotha, nisingeliwaza hata ningepewa mwaka mzima. Stars walipocheza tena, watu walifika bandani wakamkuta Mama Irine amekaa mlangoni juu ya kigoda, na pembeni yake jiwe kubwa. Akawaambia, "Kutazama mpira ni ruhusa. Kushangilia ni ruhusa. Lakini anayetaka kumsema kocha, akalete jiwe kwanza. Hoja moja, jiwe moja. La kwangu hili hapa, nimelitoa mtoni mwenyewe."

Walidhani wataweza kunyamaza. Wapare! Wakute Stars wamefungwa, halafu wanyamaze!

Nilimuuliza Lukasi kwa nini alikubali biashara yake iingiliwe hivyo. Akaniambia, "Dada Devotha, wewe hukumjua yule mama. Mimi kukatika kwa king'amuzi naogopa, lakini yule nilimwogopa zaidi." Anasema kipindi cha kwanza watu walivumilia, wanatafuna midomo. Beki akapoteza mpira, likaingia bao. Mtu mmoja akatoka mbio kuelekea mtoni. Akafuata wa pili. Filimbi ya mwisho ilipolia, njia ya mtoni ilikuwa imejaa watu wazima na mawe mabegani, wanakimbizana kurudi waseme kipa abadilishwe!

Stars wakishinda, mawe yanakuja machache. Wakifungwa, ukuta unapanda. Na anayeleta mawe mengi kuliko wote alikuwa nani? Sadock huyo huyo. Kila akikaa kimya, Mama Irine anamchokoza. "Baba Rogathe, leo kimya? Kumbe kocha amepanga vizuri." Sadock anaruka, huyo mtoni! Alimtukana kocha wa watu mpaka akaliokoa shamba lake mwenyewe. Na kila asubuhi baada ya mechi, waliobeba mawe ndio waliokwenda kuyapanga, kwa sababu hakuna aliyetaka hoja yake iwekwe chini ya hoja ya mwenzake.

Ukuta ulisimama kabla ya kiangazi. Tumainieli alikuja akaupigapiga kwa fimbo, akasema, "Baba Rogathe anabaki. Mama Irine anabaki." Akageuka akaondoka, kwa sababu machozi yalikuwa yanamjia na ni mwenyekiti.

Nimesimama juu ya ukuta huo wiki hii. Wasikilizaji wapendwa, nilishika kichwa. Ni mrefu kunizidi, umenyooka, maji yametulia ndani yake na milima yote imo humo kichwa chini. Na watu wa Chome wanayajua mawe yale moja moja! Lukasi alinionyesha. "Hili ni kipa abadilishwe. Hili ni kwa nini tunacheza na mshambuliaji mmoja. Lile refu ni kocha arudi kwao." Nikamuuliza lile lililoko chini kabisa, kwenye kona, ni hoja gani. Akasema, hilo ndilo la Mama Irine. Hilo ni mtu hafukuzwi kwa mechi moja.

Mama Irine aliugua muda mfupi. Irine anasema siku za mwisho mama alikuwa anasinzia, redio iko kando ya kichwa chake, na akizinduka anauliza, "Ngapi ngapi?" Safari hii Irine ndiye aliyekuwa anasikiliza kwa niaba yake. Alitutoka asubuhi, kwa utulivu, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa binti yake.

Jumamosi, pale makaburini, familia ilimwomba Baba Rogathe aseme neno. Sadock akatikisa kichwa. Akaondoka! Watu wakatazamana, wengine wakanong'ona kwamba ni uchungu, mwacheni. Padri akataka kuendelea. Ndipo tukamwona anapanda kutoka mtoni, anahema, amebeba jiwe kifuani, suti yake ya msibani imelowa maji na matope.

Akaliweka chini. Akasema, "Nimelipa. Naomba kusema."

Kulikuwa na watu pale waliocheka na kulia kwa pumzi moja. Mimi nilikuwa mmoja wao.

"Kocha abaki," Sadock akasema. "Nilikubali siku ile ile ya mkutano, aliposimama kunitetea. Siku ile ile. Lakini jamani, ningekubali kwa mdomo, Mama Irine angekuja bandani kubishana na nani? Angerudi kukaa na ile redio peke yake. Nikaona heri nimpinge." Akafuta uso kwa kofia yake. "Mama Irine, umeshinda. Ulishinda zamani. Samahani nimechelewa kukuambia."

Irine akasogea. Akakunja kitenge cha mama yake kikawa ngata, akajitwika jiwe lile kichwani, akaongoza njia kuelekea ndiva. Sisi wote nyuma yake. Hakuna aliyepuliza pembe.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wenzangu hapa kituoni natoa pole kwa Irine na ndugu zake wote, pole kwa ukoo wa Mrutu, pole kwa majirani wa Chome, na pole ya pekee kwako, Baba Rogathe. Najua unatusikiliza. Mungu ampumzishe mama yetu mahali pema.

Nanyi mliobaki, nina ombi. Yupo mtu mmoja ambaye umeshamhukumu moyoni mwako kwa kosa moja. Huenda ni kocha. Huenda ni jirani, au ndugu yako wa tumbo moja. Kabla hujasema neno lako, teremka kwanza mtoni ukachague jiwe. Ukishalibeba mpaka juu mlimani, pumzi imekuishia na mabega yanauma, angalia kama bado unataka kulisema.