Matundu Matatu Kwenye Kifuniko

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Na wewe uliyesimama pale mlangoni na kalamu, uliyetumwa na serikali kuandika tunayosema, ingia ukae. Hapa hatufichi neno. Andika polepole, nitakueleza vizuri.

Wengine hapa Nakuru waliokolewa kutoka kwa pombe, wengine kutoka kwa uchawi. Mimi niliokolewa kutoka kwa kidole changu hiki. Nilikuwa kibarua wa viazi kwenye shamba la Mzungu kule Molo. Siku moja gunia likapotea. Nyapara akatupanga mstari, akasema mwizi asipotajwa, sote tutafukuzwa. Akasimama mbele yangu. Mwizi sikumjua. Lakini nilitetemeka, nikanyoosha kidole kwa jirani yangu Mama Ruthu, kwa sababu tu ndiye aliyekuwa karibu. Jioni ile aliondoka na watoto wawili, sufuria kichwani, na baridi ya Molo mnaijua. Hakunitukana. Alinitazama tu.

Baadaye nilimpokea Yesu, nikatubu mbele ya watu. Hata hivyo, hofu haikutoka.

Sasa niwaeleze kazi ya mikono yangu, maana kesi yote ilikuwa humo. Dada yangu alikuwa akifagia klabu ya Wazungu, akiniletea vifuniko vya chupa nitengeneze mikufu. Unabandua kizibo cha ndani, unakiponda kifuniko juu ya jiwe mpaka kiwe bapa, unasugua yale meno yasikwaruze shingo, unatoboa kwa msumari. Kisha unaking'arisha kwa unga mweupe wa mawe laini yanayochimbwa Kariandusi. Kifuniko cha kwenye uzi kina matundu mawili, uzi wa mkonge upite. Kinachoning'inia kina moja. Na kile kinachobeba kinachoning'inia kina matatu: mawili ya uzi, moja la mzigo wake. Ndivyo mkufu unavyokaa.

Wanawake wa shamba walivaa Jumapili, Wakikuyu kwa Wakipsigis, wakanilipa maharagwe. Mzee mmoja wa kanisa akaniuliza, "Mama, utavalisha watakatifu takataka za walevi?" Nikamwambia, "Mzee, hata wewe uliokotwa."

Ikaja Hali ya Hatari, serikali ikiwasaka waliokula kiapo cha siri cha kuwafukuza Wazungu. Wakanikamata na kikapu changu. Mezani aliketi Mzungu mmoja, na kando yake mkaguzi wa polisi, Mwafrika mwenzetu, amevaa koti la vifungo vya shaba. Akamwaga mbele yangu mkufu na ule unga wangu wa kung'arishia.

"Tundu moja, kiapo cha kwanza. Mawili, cha pili. Matatu ni kile kikubwa. Na unga huu ndio dawa yenu. Taja waliovaa matatu, ulale kwako leo."

Kiapo sikula, ndugu zangu. Na wale wanawake niliwajua wote. Wengi walikuwa na watoto mgongoni. Nawaambia kweli, kidole hiki kilianza kuinuka chenyewe. Ndipo nikayaona tena macho ya Mama Ruthu ya jioni ile. Nikasema moyoni, Bwana, kishike. Akakishika. Kikashuka mezani, kikachukua kifuniko.

"Bwana, naomba msumari."

"Wa nini?"

"Nikufundishe."

Akanipa. Nikatoboa mbele yake, nikamweleza tangu mwanzo, kama ninavyowaeleza ninyi. Nikavua vifuniko vya matundu matatu, nikaweka vya mawili, nikamwambia aning'inize vile vya tundu moja. Akatafuta pa kufunga, akakosa. Vikaanguka sakafuni.

"Umeona?" nikasema. "Hicho kiapo chako kimeanguka."

Kisha nikachovya kidole kwenye ule unga, nikashika kifungo cha koti lake, nikakisugua mpaka kikawaka. "Na dawa hii, bwana, sasa nawe umeshaipata." Askari wa mlangoni alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Mkaguzi akanipiga kofi.

"Majina!"

"Ya waliopenda kupendeza? Sina."

Walinilaza rumande siku sita bila blanketi, wakiuliza lile lile, nami nikiwajibu lile lile. Siku ya saba wakaniachilia. Shambani nikafukuzwa. Nikatoka Molo kwa njia ile ile ya Mama Ruthu, sufuria kichwani.

Mtu ataniuliza, ukombozi uko wapi hapo, na huna nyumba? Uko hapa: hakuna mwanamke aliyechukuliwa kwa kinywa changu. Nilitembea njia ile yote sitetemeki. Namshukuru Yesu kwa baridi ile.

Bado natoboa matatu. Mkufu mmoja uko kikapuni, sijauuza. Ni wa Mama Ruthu. Anayemjua amwambie namtafuta, nitapiga magoti mbele yake.

Na wewe uliye na kidole kama changu, njoo mbele tuombe. Yule aliyekishika changu hajachoka. Nawe wa mlangoni, kama umemaliza kuandika, ongeza hili: kesho mkiniita tena, majina bado sina.