Fundi Milimita, Ambaye Hakuugua Kiuno

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Fundi Milimita, alizaliwa tarehe 3 Machi 1948, mtoto wa pili kati ya wavulana watatu. Alisoma hadi darasa la nane, akafaulu hesabu na kufeli kunyamaza.

Kuanzia mwaka 1971 hadi mwaka jana alishona suti za kiume katika chumba chenye cherehani mbili, kioo kirefu na kiti cha wateja kilichoyumba. Alifunga ndoa tarehe 12 Aprili 1975. Bibi harusi alisubiri dakika arobaini, kwa kuwa bwana harusi alikuwa akifumua mkono wa koti lake mwenyewe. Ulizidi milimita mbili. "Nilijua siku ileile kwamba naolewa na tepu," mjane hupenda kusema.

Kaka yake mkubwa alifariki mwaka 2009. Wasifu wake ulisema aliugua kiuno. Fundi aliusikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia mjane wa kaka yake.

"Shemeji, tangu lini kiuno kinaua?"

Shemeji akamnong'oneza ukweli: saratani ya tezi dume, iliyogunduliwa ikiwa imeshafika mifupani. Wiki iliyofuata Fundi alikwenda kupima damu, kipimo cha tezi dume, na akarudia kila mwaka. Mwaka 2012 saratani ilikutwa, ikiwa bado changa, haijatoka nje ya tezi.

"Daktari, mbona mimi siumwi popote?"

"Ndiyo maana tunazungumza vizuri, mzee."

Fundi aliposema atapasuliwa kwa roboti, nyumbani kulizuka taharuki. "Na umeme ukikatika?" aliuliza mdogo wake. Fundi aliomba aonyeshwe mashine. Alimkuta daktari mpasuaji akifanya mazoezi: ameketi pembeni, macho kwenye kioo, vidole kwenye vishikio, miguu kwenye pedali, na mikono ya chuma ikimfuata. Akarudi ametulia. "Roboti hajui chochote. Ile ni cherehani. Mshonaji ni yule aliyekaa."

Alipasuliwa tarehe 18 Septemba 2012 kupitia matundu sita madogo, akarudi nyumbani siku ya tatu na kuikagua mishono kwenye kioo cha dukani. "Imenyooka. Hapa kitovuni kaharakisha." Kwa miezi mitano mkojo ulimponyoka. Hakuficha, alijishonea suruali zenye nafasi ya pedi, akawashonea na wagonjwa wenzake wawili. Saratani haikurudi.

Alifariki kwa kiharusi tarehe 6 Juni mwaka huu, 2024. Aliacha agizo kwa mdogo wake, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu: tezi dume itajwe kwa jina lake, kwa sauti, mbele ya wakwe. "Ukisema kiuno, naamka." Imetajwa. Wakwe wako salama.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa koti alilovaa msomaji leo. Lina mfuko wa ndani ambao simu haiingii, wala kalamu. Msomaji alilalamika sana kabla ya kugundua kwamba kadi ya kliniki inaingia humo kamili, bila milimita kuzidi. Kwa miaka kumi na mbili, kila Fundi alipomhimiza akapime, msomaji alimjibu, "Wiki ijayo, kaka." Kadi sasa imo mfukoni: Jumanne, saa mbili asubuhi.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano, na mdogo mmoja asiye na kisingizio tena.

Apumzike kwa amani. Kuchukua vipimo sasa ni zamu yetu.