Rubisi Ambayo Sikuinywa

Jina la Bwana litukuzwe, ndugu zangu. Leo sitaimba. Nikianza kuimba nitapata kisingizio cha kurudi kukaa.

Mwaka jana nilisimama hapa hapa Buhembe, nikashuhudia kwamba Bwana ameniokoa na rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mlipiga makofi. Ndugu zangu, ushuhuda ule ulikuwa wa uongo. Siku niliyopata ajali sikuwa nimeonja hata tone.

Nilikuwa dereva wa kigari cha kubebea kokoto kwenye ujenzi kule Nshamba. Juu ya kiti kulikuwa na fremu ya chuma, ya kumkinga dereva kigari kikipinduka. Msimamizi wetu, mzee wa kanisa anayeketi pale mbele, aliamuru ikatwe kwa sababu ilikuwa inagonga mirunda, zile nguzo za jukwaa la mafundi. Tukaomba, ikakatwa. Ndiyo, tuliomba kwanza! Wiki ile ile mvua ilinyesha, kigari kikateleza kwenye mteremko, kikapinduka, kikanilalia. Mguu wenyewe mnaona haupo.

Msimamizi akasema nilikuwa nimelewa. Mliamini upesi, maana Mhaya na rubisi, nani atabisha? Alinifuata hospitali na Biblia yake, akaniambia, "Baba Koku, ukitubu pombe, kanisa litakubeba. Ukisema habari za fremu, utabebwa na nani?" Niliogopa njaa ya wanangu. Nikatubu dhambi isiyo yangu. Mkanibeba kweli, mkaniletea ndizi na maharage, nami nikala.

Alhamisi iliyopita nilikwenda Nshamba. Nikamkuta Josia, ndugu yetu huyu, juu ya kigari kile kile, na fremu bado haipo. Nikamwambia ashuke. Akacheka. "Mimi sinywi, kaka. Nitapindukaje?"

Sikieni, ndugu zangu. Uongo wangu ndio alioufanya kinga yake. Pale pale Bwana alinifungua kinywa, nikamweleza yote, na ile hofu ya njaa ikanitoka. Uchungu bado ninao. Sitawadanganya mara ya pili. Mzee, nimekuchukia sana, na chuki yenyewe haijaisha yote. Niombeeni hilo, rubisi iacheni.

Anayemtumaini Bwana aseme amina.

Nimezisikia amina zenu. Sasa simama, fundi wa kuchomelea, nakuona hapo nyuma; fremu ile inakungoja. Josia anaingia kazini kesho asubuhi.