Mtu Mzima wa Pili Garini: Historia ya Marehemu Kanini Mutwiri

Ndugu na majirani, tutulie, na nyinyi mliosimama kule kwa sufuria pia mnahusika. Huyu tunayemzika leo, Alhamisi tarehe 13 Machi 2025, ni Kanini, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1961 huko Kianjokoma, Embu, mtoto wa nne wa Ireri na Njoki, mdogo wa mwili na mgumu wa shingo, mwili ukaja kuongezeka, shingo ikabaki vile.

Alisoma hukohuko kutoka 1968, akamaliza darasa la saba mwaka wa 1974, masomo yakaishia hapo kwa sababu kahawa ya baba ilitaka mikono, lakini hata gazeti la kufungia nyama alilisoma kwanza. Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa kanisani na Mutwiri wa hapa Kinoru, wakapata Gitobu mwaka wa 1984 na Kinya mwaka wa 1988. Kuanzia 1990 mpaka 2018 alipika katika shule ya bweni ya wasichana, na msichana aliyerudisha sahani ikiwa imejaa alijua Kanini atamtafuta amuulize kuna nini.

Mwaka wa 2019 ligi iliandikia timu yetu ya mpira ya wasichana, Makena, itafute afisa wa ulinzi wa watoto, na kamati ikiongozwa na mzee Marete ikaona neno ulinzi, ikamnunulia Kanini koti zito na rungu, ikamsimamisha langoni. Alisimama miezi mitatu akifukuza waruka ua, mpaka mgeni wa ligi alipokuja kuuliza ulinzi wa watoto uko wapi, Kanini akamwonyesha rungu, mgeni akacheka mpaka akafuta macho, kisha akampa kijitabu cha kanuni. Alikisoma siku tatu, kidole kikifuata kila mstari, akarudi akaiambia kamati kwamba wa kuangaliwa si wanaoruka ua tu, ni wenye ufunguo pia, na kuanzia hapo hakuna mkubwa aliyeingia wasichana wakibadilisha nguo, wala gari lililobeba mtoto na mtu mzima mmoja.

Jumamosi tarehe 15 Oktoba 2022 timu ilikuwa na fainali mjini Maua, wengine wakatangulia kwa basi, na kocha Kailemia, anayependwa na kila mzazi hapa, akataka kumpeleka Mwendwa, mfungaji wetu wa miaka kumi na mitano, peke yake kwa gari lake kwa sababu msichana alikuwa amechelewa. Kanini alifungua mlango, akamshusha.

"Mama Gitobu, kwani unaniona mimi mtu wa namna gani?" kocha aliuliza.

"Kocha, mimi sijakuangalia wewe. Nimehesabu watu wazima, nimepata mmoja."

Yeye mwenyewe siku hiyo alikuwa amebaki kuwaangalia wadogo wa timu, na wa pili hakupatikana upesi, Mwendwa akafika mechi imeisha, kombe likabaki Maua, na kwa mwaka mzima kuna watu waliketi mbali na Kanini kanisani, wengine wako hapa wamevaa nyeusi. Kailemia hajawahi kusemwa kwa kosa lolote, na Kanini hakumsema, alisema tu kanuni haingoji kosa. Kocha alinuna, baadaye akakubali kwamba gari haliondoki bila mtu mzima wa pili, na huyo wa pili siku zote alikuwa Kanini.

Figo zilianza kumsumbua Januari mwaka huu, akalazwa hospitalini Meru mjini tarehe 10 Februari, na Jumanne tarehe 4 Machi saa tatu asubuhi alimuuliza Kinya nani atapanda gari siku timu ikienda Kianjokoma, Kinya akasema hajui, na saa nne akatuacha na jibu hilo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta kuni na maji, na kanisa. Makena nao tunawashukuru, ila wao shukrani yao ina mkia, kwa sababu kamati imesema jambo la nani atachukua nafasi ya Kanini lingoje matanga yaishe, na mechi ya Kianjokoma ni keshokutwa, ligi haijui matanga. Kwa hivyo familia imeamua chakula hakitafunuliwa mpaka mtu mmoja asimame ataje jina lake mwenyewe kuwa ndiye mtu mzima wa pili garini, na mzee Marete usiangalie chini.

Pumzika kwa amani, Kanini, kama hawa wataiacha ikufikie.